Kafyu haijatangazwa bado: kuna anayepigwa nyumbani

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 kafyu ikaanza: saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kila mtu ndani. Kufikia Aprili mosi, Jaji Mkuu David Maraga alikuwa tayari anaeleza kwamba makosa ya kingono yameongezeka, na kwamba baadhi ya watuhumiwa ni jamaa wa karibu au watu wanaoishi na waathiriwa. Ni siku tano tu hizo. Basi haya ninayoyaandika, ya kuwalinda wanaopigwa nyumbani ugonjwa mwingine ukija na kafyu yake, ni ya kufanywa wakati kaunti haina mgonjwa hata mmoja.

La kwanza ni amri ya kafyu yenyewe. Ile ya 2020 ilitaja walioruhusiwa kutembea usiku: wahudumu wa afya, maduka ya dawa, watangazaji, wasambazaji wa chakula. Nyumba za hifadhi, zinazowapokea wanaokimbia kipigo, hazikuwamo. Sasa mfikirie mama aliyetoka mbio saa tatu usiku, mtoto mgongoni, miguu mitupu, bodaboda hakuna, na mbele kuna kizuizi cha polisi. Aliyepigwa ndiye anayeulizwa kwa nini yuko nje. Sentensi moja ingetosha: anayekimbia kipigo, anayemsindikiza na anayempokea hawavunji kafyu. Iandikwe leo na polisi wa vizuizini waisomewe.

Halafu pesa. Hifadhi nyingi za Kenya huendeshwa na mashirika na makanisa, na ugonjwa ukiingia huhitaji chumba cha pembeni cha kumtenga mgeni asije akawaambukiza waliomo. Wengi hawana chumba hicho. Ufaransa ilitangaza kulipia malazi ya hotelini, usiku 20,000, na nadhani hapo walifikiri vizuri, maana hoteli zilikuwa tupu. Gesti za kaunti nazo huwa tupu wakati kama huo. Mkataba na gesti mbili au tatu utiwe saini mapema, bei ikiwa imeshakubaliwa, kwa sababu bajeti ya ziada huchukua miezi na kipigo hakisubiri.

Namba za simu tunazo: 1195 ya dhuluma za kijinsia na 116 ya watoto, zote bure. Lakini utapigaje simu mwenye kukupiga akiwa amekaa kitanda hicho hicho? Visiwa vya Canary, Uhispania, walikubaliana na wafamasia: mwanamke akiomba “Mascarilla-19”, yaani barakoa 19, mfamasia anawaita wa dharura. Duka la dawa mtaani kwetu lingeweza kufanya vivyo hivyo. Ila muuzaji afundishwe kwanza, na neno likivuma sana redioni libadilishwe. Mume naye anasikiliza redio.

Hospitali ikigeuzwa wodi ya korona, iamuliwe mapema aliyebakwa ataingilia mlango gani. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina mwisho wa saa 120. Fomu za PRC, za huduma kwa aliyebakwa, zinazojazwa nakala tatu, ziwe kabatini za kutosha, na za P3, zile za polisi ambazo daktari huandika majeraha, vilevile kituoni.

Funguo za chumba cha gesti zikae kwa watu wawili, mmoja wao awe wa zamu ya usiku.