Somo: Mzozo uko mbali, fedha yako inaguswa wapi?

Wanakikundi, hamjambo. Wiki nzima mnaniuliza kama tuuze vipande vyetu vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja kwa kuwa dunia imechafuka. Kabla hatujauza chochote, tupime kwanza. Mimi napima hivi.

Kwanza, chukua daftari uandike fedha yako ilipo, kitu kwa kitu. Usiandike "biashara". Andika: kayabo (sangara wa chumvi) iliyoko njiani, deni la mteja wa Goma kule Kongo, hatifungani ya Serikali (fedha uliyoikopesha Serikali kwa riba), dola za akiba.

Pili, kila mstari uulize: mzozo huu utanifikia kwa njia gani? Hapa msiharakishe. Mlango wa bahari wa Hormuz, kule Ghuba ya Uajemi, kwa kawaida hupitisha takribani sehemu moja kati ya tano ya mafuta yanayotumika duniani. Pakichafuka pale, bei ya dunia hupanda siku hiyo hiyo, lakini pampu za Buzuruga, hapa Mwanza, hungoja tangazo la bei la EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Urusi iliivamia Ukraine Februari 2022. Ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 ikaja Juni. Miezi yote hiyo ya katikati, mwenye mitumbwi alijaza dumu la petroli kwa bei mpya, na sangara ziwani hawakuongezeka. Ukiwa na hisa kwenye mtumbwi, Hormuz inakuhusu.

Tatu, amri ya mpakani nayo ni mzozo. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, kujibu vizuizi vya kwao, kisha ikaondoa zuio baada ya siku chache. Kwa mwenye lori la matunda, siku chache ni mzigo mzima.

Nne, unaweza kungoja muda gani? Hili nimelilipia. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa. Mteja wangu alikuwa ameshachukua kayabo kwa mkopo, na mzigo wa pili ulikuwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, chini ya turubai. Mvua ikanyesha, chumvi ikaanza kutoa maji, tukaanika upya samaki mmoja mmoja, na bado niliuza kwa hasara. Mteja ni mwaminifu, alinilipa kidogo kidogo. Kosa lilikuwa langu: zaidi ya nusu ya mtaji ilikuwa kwa mnunuzi wa mji mmoja. Sasa haizidi robo.

Mstari wenye njia fupi, na ambao huwezi kuungoja, ndio wa kupunguza. Mingine iache ilipo.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Vipande vyangu viko kwenye mfuko wa hatifungani. Mashariki ya Kati kukiwaka, nivitoe?

Marahaba, mwanangu. Njia ya kukufikia ni ndefu: mafuta yapande, bei za bidhaa zifuate, ndipo riba ziguswe. Swali kubwa kwako ni lini unazihitaji fedha hizo. Kama ni ada ya Januari, itoe hiyo ada mapema, vita iwepo isiwepo. Zilizobaki zisubiri.

Mwalimu, wanasema vita ikitokea dhahabu inapanda. Ninunue kwa wachimbaji Geita?

Kaka, tafadhali usifanye hivyo. Kununua dhahabu kwa mchimbaji wakati wewe huna leseni ni kosa la jinai. Biashara hiyo iko kwenye masoko ya madini, na la Geita lilifunguliwa 2019. Halafu tazama 2022: Machi wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 2,000, ikifika Septemba ilikuwa chini ya 1,700, na vita ya Ukraine ilikuwa inaendelea. Aliyenunua kwa hofu ya Machi alikaa na hasara miezi mingi.

Mimi ninauza dagaa Kirumba tu, sina mteja wa nje. Somo hili linanihusu?

Linakuhusu, dada. Muulize jirani yako wa kizimba wateja wake ni wa wapi. Njia ya Kongo ikifunga, mzigo wake wote unarudi kuuzwa hapo hapo ulipo, na bei yako inashuka naye.