Mambo ya kuweka sawa kabla ya kuripoti hitilafu ya MuseScore

Mwalimu wa kwaya hapa Kisumu anayeandika noti kwa MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandikia muziki, hakosi kukutana na vituko: maneno ya sauti ya tena (tenor) yamepandana na noti za besi, au programu inajifunga ghafla anapotaka kutoa PDF ya mazoezi ya Jumamosi. Programu ni ya bure na msimbo wake uko wazi, na wanaoitengeneza hupokea ripoti za hitilafu kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia misimbo ya programu. Ila ukiwaandikia tu kwamba "imeharibika", ripoti itakaa hapo bila wa kuigusa.

Kwanza hakikisha hiyo ni hitilafu kweli. Soprano na alto wakiwa kwenye mistari mitano ileile, alto iandikwe kama sauti ya 2 (Voice 2) ndani ya programu. Ukiwasukuma wote kwenye sauti ya 1, hutaweza kuwapa midundo tofauti hata ubonyeze vipi. Angalia pia toleo. MuseScore 4 ilitoka Desemba 2022, na faili iliyohifadhiwa humo haifunguki kwenye MuseScore 3, jambo linalowachanganya sana watu wanaopeana nyimbo kwa flash. Namba kamili ya toleo iko kwenye menyu ya msaada. Inakili jinsi ilivyo, pamoja na mfumo wa kompyuta yako.

Kazi yenyewe ni kutayarisha faili ndogo. Usitume wimbo mzima wa kurasa kumi na mbili. Hifadhi nakala kwa jina jingine, kisha ufute: ondoa piano, ondoa beti, bakisha vipimo (bar) viwili au vitatu. Kila ukifuta, jaribu tena. Tatizo likitoweka, rudisha ulichofuta mwisho, maana hapo ndipo penye mzizi. Bora zaidi, anza faili mpya kabisa uone kama tatizo litatokea, kwa sababu faili iliyoanzia toleo la zamani inaweza kuwa na uharibifu wake wa siku nyingi. Kumbuka ripoti husomwa na yeyote, na wimbo wa lazima wa tamasha una mwenyewe. Weka "la la la" badala ya maneno. Isipokuwa shida iko kwenye maneno yenyewe, tuseme silabi yenye ng' ya Kidholuo au ya Kiswahili: hiyo iache ilivyo.

Kisha andika hatua kwa mpangilio, kwa Kiingereza chepesi: nilifungua hiki, nikabonyeza hapa, nilitarajia hivi, nikaona vile. Ripoti moja, hitilafu moja. Tafuta kabla kama mwingine ameshaiandika. Kama ni sauti inayokwama, jaribu kwanza kwa MS Basic, sauti za ala zinazokuja na programu, badala ya Muse Sounds, zile zinazopakuliwa kando.

Wanaotaka kurekebisha wenyewe wajue msimbo umeandikwa kwa lugha ya C++ na zana za Qt, na kuna mkataba wa wachangiaji wa kukubali kabla kazi yao haijapokelewa. Anza na hitilafu ndogo, na useme mapema kwamba umeichukua.

Tamasha likiwa wiki ijayo, usisubiri marekebisho. Toa faili ya MusicXML, aina ya faili inayosomwa na programu nyingi za noti, ifungue kwa programu nyingine ya noti, upange upya kurasa zilizovurugika, na uchapishe.