Jinsi ya Kutafuta Chanzo cha Lori la Dizeli Kumisi Injini Ikiwa Baridi

Lori linalomisi asubuhi, yaani injini yake inaruka pigo kwa sababu silinda fulani haiwaki, na kutulia baada ya dakika mbili tatu humsumbua fundi kwa sababu moja kubwa: ushahidi hupotea kadiri injini inavyopata moto, na haurudi mpaka usiku mwingine upite. Kwa hiyo uchunguzi huanzia jioni. Lori lilale angalau saa 8, na asitokee mtu wa kuliwasha kabla hujafika. Andaa maltimita (kipimo cha umeme), kipimajoto kinachosoma joto bila kugusa, kipande cha mpira wa mafuta unaoonyesha ndani na, ikiwa injini inaendeshwa kwa kompyuta, mashine ya kusomea hitilafu. Nimeshuhudia nozeli zote, yaani vinyunyizio vya mafuta vya silinda, zikibadilishwa kwenye lori ambalo shida yake ilikuwa mpira wenye ufa, kwa sababu tu kila fundi aliyeitwa alilikuta limeshapata moto.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta huwashwa na hewa iliyobanwa mpaka joto lake likapita nyuzi 500 za Selisiasi. Injini ikiwa baridi, chuma cha silinda hunyonya sehemu ya joto hilo, na silinda yenye udhaifu mdogo, ambao mchana usingeuona, hushindwa kuwasha mafuta yake huku nyingine zikiendelea. Hapo ndipo mngurumo unapoanza kuruka pigo. Unachotafuta ni kama joto limepungua ndani ya silinda, au mafuta hayafiki inavyotakiwa.

Kabla ya kupiga stata, fungua swichi na usome sensa. Baada ya usiku mzima, joto la maji ya injini, la hewa inayoingia na la mafuta vinapaswa kukaribiana sana. Sensa ya maji ikidai nyuzi 60 wakati chuma ni baridi mkononi, kompyuta haitawasha hita plagi (plagi ndogo zinazopasha silinda kabla ya injini kuwaka) wala haitarekebisha mafuta kwa ajili ya ubaridi, na tatizo umeshalipata bila kushika spana. Pima pia betri: iliyojaa ya volti 12 husoma takriban 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi, kwenye mfumo wa volti 24 zidisha mara mbili. Stata inayozungusha injini kwa uvivu hainyanyui joto la kutosha hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Sasa washa, lakini simama nyuma, karibu na ekzosi. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yaliyoingia kwenye silinda yakatoka bila kuungua, yaani mafuta yapo ila joto halitoshi. Mweupe wenye harufu tamutamu ni maji ya rejeta, na hiyo ni habari ya gasketi ya kichwa, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bodi yake. Wa buluu ni oili. Injini ikimisi bila moshi wowote wa maana, nashuku mafuta hayafiki, na mara nyingi mkosaji ni hewa.

Moshi mweupe ukikuelekeza kwenye hita plagi, usipime zote zikiwa zimeunganishwa na kipande cha bati kinachozipa umeme kwa pamoja, kwa kuwa iliyokufa hujificha nyuma ya zilizo hai. Kifungue, kisha pima kila moja kutoka kichwani mwake hadi kwenye bodi ya injini. Nyingi za kawaida husoma kati ya omu 0.5 na 2. Isiyosoma kabisa imekatika. Zikiwa nzima zote, pima kama umeme unazifikia swichi ikifunguliwa, kwani relei na fyuzi nazo huchoka. Tahadhari: zipo plagi zinazotumia volti ndogo, hivyo usizijaribu kwa kuzichomeka moja kwa moja kwenye betri. Aidha, injini nyingi kubwa za malori hazina hita plagi, zina hita inayopasha hewa kwenye njia ya kuingilia. Na kwa injini yenye hita ya aina yoyote, usipulizie etha, kimiminika kinachoshika moto upesi, ili iwake. Inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kupasua pistoni.

Hewa ina tabia tofauti. Injini huwaka vizuri, hunguruma sekunde kadhaa kwa mafuta yaliyobaki kwenye pampu, halafu huanza kusitasita na pengine kuzimika. Usiku kucha mafuta yamerudi kwenye tangi kupitia oringi iliyokakamaa, klipu iliyolegea au filta isiyofungwa sawasawa, na hewa ikachukua nafasi yake. Jaribio ninaloliamini kuliko yote halina gharama: kabla ya kuwasha, piga pampu ya mkono ya kuvutia mafuta mpaka iwe ngumu. Kumisi kukitoweka asubuhi hiyo, rudia kesho bila kupiga uone kama kunarudi. Kisha funga ule mpira unaoonyesha ndani mahali pa mpira wa kawaida kabla ya pampu, na utaona mapovu madogo yakipita kama ushanga. Sogeza mpira huo kuelekea tangi hatua kwa hatua. Pale yanapokoma, umeshapita sehemu inayovuta hewa.

Kama bado, tafuta silinda yenyewe. Katika dakika ya kwanza, elekeza kipimajoto kwenye kila mlango wa manifoldi ya ekzosi. Silinda isiyowaka hubaki nyuma kwa joto. Mafundi wa pampu za zamani hulegeza nati ya paipu ya nozeli moja moja na kusikiliza. Usithubutu kufanya hivyo kwenye komoni reli, mfumo ambao nozeli zote hulishwa na bomba moja la mafuta, ambako shinikizo linaweza kupita baa 1,600 na mafuta hupenya ngozi hadi ndani ya mkono, jeraha linalohitaji upasuaji wa haraka hata kama tundu lake ni dogo. Huko tumia mashine kusoma masahihisho ya mafuta ya kila silinda. Silinda ikishajulikana, pima kompresheni yake, yaani uwezo wake wa kubana hewa, kabla ya kuilaumu nozeli, maana ringi zilizochakaa au vali isiyokaa vizuri huleta dalili zilezile.

Baada ya matengenezo, lori lisitolewe siku hiyo. Lilaze tena saa zilezile, mahali palepale na likielekea upande uleule, kwa sababu lililoegeshwa kichwa kikiinama linaweza kuficha hewa, kisha liwashe alfajiri ukiwa umesimama nyuma ya ekzosi.