Somo: Kumtafutia mtoto shule ya JSS (sekondari msingi) ya serikali (kwa wazazi wa Mombasa, Kilifi na Kwale)

Wazazi wenzangu, hamjambo. Kila ukifika muhula wa pili swali huwa ni lilelile: mtoto yuko gredi ya 6, abaki palepale au ahamishwe? Somo hili ni la wanaotaka shule ya umma ya kutwa, gredi ya 7 hadi ya 9. Wa shule za kibinafsi nitawagusa kwenye maswali.

Tuelewane kwanza, maana wengi bado tuna fikra za KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane. Mtihani ule ulifanywa mara ya mwisho 2023. Siku hizi mtoto anafanya mtihani wa KPSEA mwisho wa gredi ya 6, na alama zake hazimpangii shule ya kwenda gredi ya 7. Tangu Januari 2023, kundi la kwanza la gredi ya 7 lilipoanza, JSS za serikali zimekaa ndani ya shule za msingi, kama lilivyopendekeza jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu. Kwa hivyo mzazi usipofanya lolote, mtoto anaendelea palepale alipo. Hakuna barua ya kuitwa.

Kazi yako basi ni kuamua kama shule aliyopo inatosha. Mimi husema abaki, mpaka uonekane upungufu wa kweli. Na upungufu unaoumiza ni wa walimu. Rangi ya geti na basi la shule tutazungumza siku nyingine.

Hatua ya 1: Soma ratiba iliyobandikwa ukutani

JSS ina masomo tisa: Kiingereza, Kiswahili (au lugha ya ishara), Hisabati, Sayansi Jumuishi, Mafunzo ya Jamii, Dini, Kilimo na Lishe, Sanaa na Michezo, na lile somo la ufundi wa awali lililomeza kompyuta na biashara. Mwanzoni yalikuwa mengi zaidi, yakapunguzwa. Mwalimu wa JSS kwa kawaida amesomea kufundisha masomo mawili. Shule ikiwa na walimu watatu tu, piga hesabu mwenyewe ni masomo mangapi yanafundishwa na mtu ambaye hakuyasomea.

Ratiba huwa imebandikwa ofisini kwa walimu au darasani. Kila kipindi kina jina la somo na herufi za mwalimu. Simama hapo uifuate kwa kidole. Ukiona herufi zilezile zimeshika Hisabati, Sayansi, Kilimo na Sanaa, gredi zote tatu, hapo yupo mtu mmoja anayekimbia darasa hadi darasa tangu asubuhi. Halafu uliza kwa adabu: "Mwalimu wa sayansi amesomea masomo gani?" Mwalimu mkuu aliye na watu wake atakujibu kabla hujamaliza swali. Asiyekuwa nao atakuchukua ukaone darasa jipya.

Wenye watoto wanaosoma dini ya Kiislamu, ulizeni pia kama mwalimu wa IRE wa JSS yupo. Msidhani kwa kuwa ni Pwani basi lazima awepo.

Hatua ya 2: Azima daftari la mtoto wa jirani

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na haigharimu chochote. Mtafute mtoto wa gredi ya 8 anayesoma shule unayoitaka, umwombe daftari lake la sayansi, la sasa na la gredi ya 7. Angalia mambo matatu.

Tarehe. Zikiruka wiki tatu na hapakuwa na likizo katikati, hapakuwa na mwalimu.

Kalamu nyekundu. Si alama ya vema peke yake; tafuta mahali mwalimu ameandika neno, amesahihisha, amemwambia mtoto arudie.

Majaribio. Gredi ya 7 wanasoma asidi na besi. Katika daftari zuri utakuta jedwali mtoto amelichora mwenyewe: amechukua maji ya ua jekundu, akatia ndimu, akatia maji ya jivu, akaandika rangi kabla na baada, na pengine karatasi ina doa. Katika daftari baya utakuta maelezo ya jaribio hilohilo yamenakiliwa ubaoni, masafi kabisa, bila rangi hata moja. Shule nyingi za msingi zilipewa JSS bila maabara, kwa hivyo usiikate shule kwa kukosa maabara. Ndimu ipo kila duka. Tafuta mwalimu aliyefikiria kuinunua.

Hatua ya 3: Njia, saa na madrasa

Mtoto wa Likoni anayevuka kwenda kisiwani hatozwi kitu kwa miguu kwenye feri, lakini foleni ya asubuhi mnaijua. Nenda nayo njia hiyo siku ya kazi, saa ambayo mtoto ataipita, si Jumamosi saa nne. Kama ana madrasa jioni, hesabu pia saa ya kurudi. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayefika nyumbani akiwa hoi, iwe shule ni nzuri namna gani, ataanza kusinzia chuoni, na ustadhi ndiye atakayekuletea habari.

Hatua ya 4: Pesa

Serikali hutenga takriban shilingi 15,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa JSS, na pesa hizo mara nyingi hufika kwa kuchelewa. Hapo ndipo michango inapozaliwa: chakula, karatasi za mitihani, mlinzi, mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza karo ya masomo shule ya umma. Malipo mengine lazima yaidhinishwe, utoe upewe risiti, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa kuyalipa. Ulizia orodha nzima ya mwaka kabla hujahama. Binafsi sina ugomvi na mchango wa mwalimu wa sayansi aliyeajiriwa na bodi. Nina ugomvi na ule usio na risiti.

Hatua ya 5: Choo

Ingia ukaone. Milango ina komeo? Maji yapo? Kwa mtoto wa kike, uliza sodo zinatolewaje; sheria iliyorekebishwa 2017 inampa haki hiyo bure katika shule ya umma.

Hatua ya 6: Ukiamua kuhama, hamisha na rekodi

Cheti cha kuzaliwa, nambari ya UPI (ya utambulisho wa mwanafunzi) ya NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi (ambao sasa unapisha KEMIS), na nambari ya mtoto ya KNEC, baraza la mitihani. Shule ya zamani imwachilie kwenye mfumo, mpya impokee. Mpaka hapo, mtoto anakaa darasani huku pesa zake zinahesabiwa kwingine.

Wengi hawajui kwa nini hili ni zito. Anapomaliza gredi ya 9, alama za kumpangia sekondari pevu (gredi ya 10 hadi ya 12) zinatoka sehemu tatu: KJSEA, mtihani wa mwisho wa gredi ya 9, asilimia 60, KPSEA asilimia 20, na kazi za shuleni za gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Kazi hizo huingizwa KNEC na shule yenyewe. Ndiyo maana ninapendelea ahame Januari ya gredi ya 7, si katikati ya gredi ya 8 ambapo kila shule itasema mwenzake ndiye aliyepaswa kuziingiza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Changamwe: Asante kwa somo. Shule niliyoenda wamesema lazima mtoto afanye mtihani wa kuingia, na asipofikisha alama fulani hachukuliwi. Ni sawa?

*Jibu:* Si sawa, mama. Sheria ileile ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumpima mtoto ili kumkubali au kumkataa. Kipimo kinachoruhusiwa ni cha kujua awekwe ngazi gani. Waombe wakuandikie sababu ya kumkataa. Wakisita, nenda ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Nafasi zikiwa zimejaa kweli hiyo ni hoja nyingine, na wataisema bila mtihani.

Mwalimu wa JSS, Kwale: Niongeze kitu. Herufi za kwenye ratiba zinaweza kukupotosha. Kuna shule nusu ya walimu ni wanagenzi wa mkataba. Tuliandamana 2024 kutaka ajira ya kudumu, mnakumbuka. Mwanagenzi anaweza kuwa mwalimu bora pale shuleni, lakini akipata kazi kwingine anaondoka. Mzazi aulize wangapi ni wa kudumu chini ya TSC, tume ya kuajiri walimu.

*Jibu:* Shukran mwalimu, hilo naliongeza kwenye hatua ya kwanza. Wazazi, mkiuliza msiulize kwa sauti ya kuwadharau wanagenzi.

Baba wa pacha, Mtwapa: Wangu wako shule ya kibinafsi, karo imenishinda. Wakienda shule ya serikali gredi ya 7 hawatarudi nyuma?

*Jibu:* Baba, mtaala ni mmoja na KJSEA ni moja. Tofauti utakayoiona ni idadi ya watoto darasani na Kiingereza cha uwanjani. Fanya hatua ya 2 kwa pande zote mbili: azima daftari la shule ya serikali, ulilinganishe na la wanao. Matokeo huwashangaza wengi. Na ukague kama walisajiliwa NEMIS huko waliko, maana kuna shule za kibinafsi zinazolegea.

Mzazi aliye Doha: Tunarudi nyumbani Desemba. Mtoto amesoma mtaala wa Uingereza, hana KPSEA. Ataingia vipi?

*Jibu:* Anza na mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo mtakayoishi, kabla ya shule yoyote. Beba ripoti zake zote za shule na cheti cha kuzaliwa. Huyu ndiye anayeweza kupimwa ili awekwe gredi inayomfaa. Suala la alama za KPSEA mlipeleke KNEC mapema kupitia shule itakayompokea. Msingoje gredi ya 9. Na Kiswahili chake kianze kunolewa leo, kwa sababu ni somo la lazima.

Dada mkubwa, Kisauni: Mdogo wangu analia, anasema JSS ni aibu, anacheza uwanja mmoja na watoto wa chekechea.

*Jibu:* Mwaka ujao atakuwa anawatuma dukani. Lakini angalia kama JSS wana madarasa yao na sare yao. Shule zilizofanya hivyo watoto wametulia.

Mama wa Kaloleni: Kwetu shule ni moja. Nyingine ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Hatua zako zote zinanisaidia nini?

*Jibu:* Mama, kwako hatua ya 1 na ya 2 ndizo zinazobaki, isipokuwa unazifanya ukiwa ndani. Chukua daftari la mwanao kila Ijumaa, uangalie tarehe. Ukiona pengo, andika siku zenyewe kwenye karatasi. Mkiwa wazazi wanne wenye karatasi kama hizo, mwende kwenye mkutano wa chama cha wazazi mkazisome, kisha mwombe bodi iandikie TSC kaunti ndogo kudai mwalimu wa sayansi, nanyi mpewe nakala ya barua. Kulalamika kwamba "walimu hawatoshi" kila shule inalalamika. Barua inayosema gredi ya 8 haikuwa na sayansi kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani si rahisi kuiweka kando. Na wakati mnangoja, muulize mwalimu aliyepo anahitaji nini kwa jaribio la wiki ijayo.