Kuandaa Ford Mustang kwa Ajili ya Drifti Ukiwa Dar es Salaam

Mwongozo huu unahusu Ford Mustang GT ya modeli za 2005 hadi 2010, yenye injini ya V8 ya lita 4.6 na gia za mkono. Nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Tegeta kuandaa gari lake, kwa sababu maelekezo aliyokuwa ameyakusanya yalitoka kwa watu wanaoishi karibu na maduka ya vipuri vya Kimarekani na katika nchi za baridi, na hapa kwetu mengi kati ya hayo hayatekelezeki yalivyo.

Injini hii ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 300 (315 kwa modeli ya 2010), na kwa mtu anayejifunza drifti, yaani kuliendesha gari likiteleza kwa ubavu kwa makusudi, nguvu hizo zinatosha kabisa. Fedha ambayo ungeitumia kuiongezea injini nguvu, itumie kwenye difu, upoozaji na stelingi. Gari lenye nguvu nyingi ambalo magurudumu yake ya mbele hayageuki vya kutosha litakuzungusha kila unapojaribu kulishika, ilhali lenye nguvu za kiwandani na stelingi iliyopangwa vizuri litakupa nafasi ya kuelewa kinachotokea na kukirekebisha.

Hatua ya 1: Kagua kilichopo

Badilisha kila bushi, boljointi na tairodi endi yenye mchezo kabla ya kununua kipuri chochote cha drifti. Gari lililokaa Masaki au Kigamboni likaguliwe pia kutu chini ya sakafu na kwenye mabomba ya breki, kwa kuwa hewa ya chumvi hula sehemu zisizoonekana.

Hatua ya 2: Funga difu

Difu ya kiwandani hutumia sahani za msuguano ili kugawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, na sahani hizo zikishachakaa, tairi moja huzunguka bure huku jingine likikaa kimya. Katika drifti yote mawili lazima yazunguke pamoja. Mafundi wengi wa eneo la Gerezani watakuambia wachomelee gia ndogo za ndani, na ni kweli kwamba njia hiyo ni rahisi na inamalizika siku hiyohiyo. Mimi siipendi. Gia hizo zimetengenezwa kwa chuma kilichokaushwa kuwa kigumu, na zikichomelewa bila kupashwa moto taratibu hupasuka, kisha vipande vyake huzunguka ndani ya oili na kula beringi pamoja na meno ya pinioni. Agiza spuli, yaani kipande kimoja kizima kinachochukua nafasi ya gia hizo zote. Mustang GT hii ina ekseli ya inchi 8.8 yenye shafti za meno 31, na shafti hizo hushikwa kwa klipu zenye umbo la herufi C, hivyo muuzaji apewe taarifa zote hizo tatu. Fundi akiifunga, apime mchezo wa meno kwa geji ya saa, wala asikadirie kwa mkono.

Fahamu kwamba gari lenye spuli hulia matairi katika kila kona ya mwendo mdogo, na wakati wa mvua huteleza bila taarifa. Kama gari hilohilo ndilo linalokupeleka kazini Posta kila siku, liache lilivyo.

Hatua ya 3: Upoozaji

Gari linapokwenda kwa ubavu, upepo hauingii moja kwa moja kwenye rejeta, ilhali injini inazunguka kwa kasi kubwa kwa muda mrefu, na joto la Dar es Salaam la Januari na Februari huzidi nyuzi 30 hata kabla hujawasha gari. Funga rejeta kubwa ya aluminiamu na feni mbili za umeme zenye kava linaloziba nafasi zote pembeni, kwa sababu feni isiyo na kava huvuta hewa kutoka popote inapoipata kirahisi badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Hapa kwetu watu hujaza maji matupu kwa kuwa hakuna barafu, lakini kulanti pia huchelewesha kuchemka na huzuia kutu ndani ya injini.

Modeli hizi hutumia stelingi ya hidroliki, na oili yake huchemka haraka dereva anapozungusha usukani upande hadi upande. Ongeza kipoozeo kidogo kwenye bomba la kurudisha oili. Ni kifaa cha bei ndogo, nami nakihesabu miongoni mwa vya lazima.

Hatua ya 4: Pembe ya stelingi na alaimenti

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo muda wako mwingi utaishia, kwa hiyo usiianze jioni.

Seti ya kuongeza pembe hubadilisha mikono ya chini ya mbele, tairodi, na mara nyingine kipande kinachobeba habu ya gurudumu, ili magurudumu ya mbele yageuke zaidi ya yalivyoruhusiwa kiwandani. Magari ya mashindano makubwa hufika digrii 60 na zaidi, lakini kwa kuanzia usitafute pembe hiyo. Nunua seti iliyotengenezwa kwa ajili ya kizazi hiki cha Mustang. Nasisitiza kwamba sehemu yoyote ya stelingi isikatwe wala isichomelewe mtaani, hata kama fundi ni hodari kiasi gani, kwa kuwa joto la kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma na ufa wake hauonekani kwa macho mpaka siku utakapokatika.

Baada ya kufunga seti, usirudishe springi. Acha shokapu bila springi, weka jeki chini ya mkono wa gurudumu, geuza usukani mpaka mwisho, kisha pandisha na kushusha gurudumu kutoka chini kabisa hadi juu kabisa huku ukiangalia kila kinachokaribia kuguswa. Rudia upande wa pili, na urudie tena usukani ukiwa katikati. Utakuta tairi linagusa plastiki ya ndani ya bodi, au kiungo cha stabilaiza, au waya wa ABS. Mpira wa breki ndio wa kuangaliwa kuliko vyote: usivutike usukani unapofika mwisho, na usilegee kiasi cha kusuguliwa na tairi unaporudi. Mpira wa kiwandani mara nyingi huwa mfupi kwa pembe mpya, na kuna watu huridhika kwa sababu unafika gari likiwa juu ya stendi, lakini gurudumu likishuka kwenye shimo hukatika.

Kisha tafuta sehemu ya kukwama. Pembe ikizidi, tairodi na mkono wa stelingi hulala katika mstari mmoja, na hapo gurudumu hugeukia upande usiotakiwa na kukataa kurudi, hata uzungushe usukani kwa nguvu zote. Geuza gurudumu kwa mkono, taratibu, ukitazama pembe kati ya vipande hivyo viwili. Ukiona inakaribia kunyooka, rudi nyuma digrii mbili au tatu na uweke washa za kuzuia ndani ya stelingi ili isifike tena pale. Jambo hili lipimwe gari likiwa limekalia uzito wake pia, kwa kuwa urefu wa gari hubadilisha pembe zote.

Sasa alaimenti. Vituo vingi vya mjini havitakubali gari lenye pembe hizi, au vitalirudisha kwenye vipimo vya kiwandani, kwa hiyo jifunze kuifanya mwenyewe. Sakafu iwe sawa, na ukitaka kujua kama iko sawa tumia mpira wa maji wanaoutumia mafundi ujenzi, usiamini macho. Chini ya kila gurudumu la mbele weka vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati, ili tairi ligeuke bila kung'ang'ania sakafu. Funga uzi kila upande wa gari, ukiupima kutoka katikati ya habu, kamwe usiupime kutoka kwenye tairi, kwa kuwa upana wa mbele na wa nyuma unaweza kutofautiana na uzi ukakaa mshazari bila wewe kujua.

Mimi huanza na kamba (mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele) ya digrii 3.5 hasi, yaani juu yake ikiingia ndani, kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu ukiutazama kutoka ubavuni) ya digrii 7 chanya, yaani juu yake ikiegemea nyuma, na magurudumu ya mbele yaliyofunguka nje kwa milimita 3 kwa jumla, yaani nafasi kati yao mbele ikizidi ya nyuma. Kamba nairekebisha kwa sahani za juu za shokapu. Bolti za kamba zinazouzwa kwa bei nafuu huteleza zinapopata nguvu ya ubavu, na kipimo ulichohangaika nacho hupotea ukiwa uwanjani. Kila unapobadilisha kamba, pima upya kufunguka kwa magurudumu, kwa sababu kimoja huvuta kingine. Hii ndiyo sababu ya watu kuzunguka saa nyingi bila kumaliza: wanapanga kufunguka kwanza, kisha kamba, kisha wanashangaa. Urefu wa gari huja kwanza, kasta na kamba zifuate, kufunguka kuwe mwisho.

Kwa nyuma ekseli ni moja nzima, hivyo hakuna kamba ya kurekebisha. Hata hivyo, ukishusha gari, ekseli husogea upande mmoja kwa sababu imeshikwa na fito ya Panhard, ile inayoiunganisha na bodi kwa upande mmoja ili isiyumbe ubavuni. Ning'iniza timazi kwenye ukingo wa bodi kila upande, linganisha, na uweke fito inayorekebishika.

Hatua ya 5: Breki ya mkono ya hidroliki

Breki hii hufunga magurudumu ya nyuma ili gari lianze kuteleza. Unaweza kuiunganisha kwenye bomba la breki za nyuma, lakini napendekeza kalipa ya pili kwa kila gurudumu la nyuma, yenye bomba na masta silinda yake, ili breki ya mguu isiguswe. Toa upepo mpaka nyenzo iwe ngumu tangu mwanzo wa mvuto. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na oili ya daraja la DOT 4 iliyokwisha kunyonya maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 badala ya 230, hivyo nunua kopo lililofungwa na ubadilishe mara kwa mara.

Hatua ya 6: Rimu na matairi

Rimu za Toyota Mark II zina nati 5 kwenye duara la milimita 114.3 kama Mustang, na wauzaji hudhani zitaingia. Tundu la katikati la Toyota ni milimita 60.1, la Mustang ni 70.5, kwa hiyo rimu ya kiwandani ya Toyota haitakaa. Nati nazo ni za nusu inchi, hivyo usilazimishe za gari la Kijapani.

Mbele weka matairi mapya siku zote. Nyuma unaweza kutumia ya mtumba, ukisoma tarakimu nne za ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye nyufa lisifungwe hata kama kashata zake ni nzima.

Hatua ya 7: Uwanjani

Zima kidhibiti cha mteleko. Modeli ya 2010 ina kidhibiti cha uthabiti pia, nacho kizimwe. Kofia, kiti kinachokushika mabega na kizima moto kilicho karibu na mkono wako si vya kujadiliwa. Fanyia mazoezi katika eneo lililofungwa kwa kibali cha mwenye eneo, kamwe si Barabara ya Bagamoyo usiku wala barabara nyingine ya umma. Anza na duara la gia ya pili kwa pande zote mbili, kisha umbo la nane, na usiongeze kasi mpaka umbo la nane likae bila kukatika.

Baada ya mzunguko wa kwanza simama, acha gari lipoe, kaza nati za magurudumu kwa takriban Nm 135, gusa kila nati ya tairodi kwa spana, na uangalie oili ya stelingi kama imebadilika rangi au ina povu. Ukirudi nyumbani, funga uzi tena na upime kufunguka kwa magurudumu ya mbele. Kama kumebadilika, kuna bolti iliyoteleza, na itafutwe kabla gari halijarudi uwanjani.