Walikukamata bure? Anza na saa, kisha karatasi

Mimi ni fundi wa simu hapa Mombasa. Shule ya sheria sijaiona. Nilicho nacho ni faili la plastiki la kijani, karatasi za miaka kadhaa ndani yake, na kosa moja nililofanya nilipotaka kudai fidia kwa kukamatwa bure, ambalo sitaki nawe ulifanye. Haya yote ni ya Kenya. Ukiwa Tanga au Kampala, uliza sheria ya kwenu.

Alhamisi moja, mwendo wa saa tisa alasiri, askari wawili waliingia dukani na kijana aliyesema simu iliyokuwa mezani ni yake, aliibiwa. Simu ile mteja aliileta siku mbili nyuma nibadilishe kioo. Nikafungua daftari: jina la mteja, nambari yake, tarehe, mia tano ya kutanguliza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mie daftari ninalo. Hakuna aliyempigia yule mteja. Niliambiwa nifunge duka, tukaenda. Kituo sitakitaja.

Nilifikishwa kortini Jumatatu.

Sasa sikiliza hesabu, maana kesi nyingi huanguka au kusimama hapa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa apelekwe kortini mapema iwezekanavyo, isipite saa 24. Lakini saa hizo 24 zikiishia nje ya saa za korti, au siku ambayo si ya korti, polisi wana hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa alasiri, kumshikilia hadi Jumatatu hakujavuka mpaka huo. Aliyekamatwa Alhamisi saa tisa ilibidi afike Ijumaa kabla ya saa tisa. Na aliyekamatwa Alhamisi saa mbili usiku? Saa zake zinaisha Ijumaa usiku, korti imefungwa, mpaka wake unasogea hadi Jumatatu.

Unadhani kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB, kiliandika nilikamatwa saa ngapi? Saa mbili usiku.

Basi kazi yako ya kwanza, au ya nduguyo aliye nje, ni kuthibitisha saa. Hati ya mashtaka ina nafasi ya tarehe ya kukamatwa, ya kama kulikuwa na waranti, na ya tarehe ya kufikishwa kortini. Saa haimo. Mie niliokolewa na jirani yangu wa madafu. Alimtumia mke wangu ujumbe, "Njoo dukani, baba watoto amebebwa," na simu ikaonyesha 3:26 PM. Ujumbe kama huo usiufute, na simu yenyewe usiiuze. Ukipiga picha ya skrini na kuichapisha, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza nakala ilitolewaje na kwa kifaa gani. Wakili atakiandika. Soma pia hati za kiapo kabla ya kutia sahihi: ya jirani ilichapwa "saa 3:26", na kwa Kiswahili hiyo ni asubuhi au usiku. Wakili wa serikali angetuchezea hapo siku nzima.

Ukiwa ndani, uliza sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa na uombe nambari ya OB. Una haki ya kunyamaza na haki ya kuzungumza na wakili. Usibishane kwa mikono. Dhamana ya pesa taslimu hutolewa risiti. Pesa isiyo na risiti hiyo si dhamana, unajua ni nini. Kama umepigwa, nenda hospitali mara utokapo, na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ijazwe alama zikiwa bado zinaonekana.

Mbele ya hakimu siku ya kwanza, sema ulikamatwa lini na saa ngapi, liandikwe. Kesi haitafutwa kwa hilo: tangu 2010 Mahakama ya Rufaa imeshika kwamba aliyecheleweshwa kortini dawa yake ni fidia. Lakini maneno yako yatakaa kwenye rekodi. Mie niliona haya, nikakaa kimya.

Lile kosa langu sasa. Nilidhani ni lazima kwanza nishinde kesi ya jinai ndipo nidai. Iliniweka miezi kumi na minne, na hakimu akasema sina kesi ya kujibu. Nikaenda kwa wakili na furaha zangu. Akauliza: "Ulikamatwa lini?" Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

Madai ni mawili, na kila moja lina saa yake. La kwanza ni kukamatwa na kufungiwa kinyume cha sheria. La pili ni kushtakiwa kwa nia mbaya. Sheria inayoweka ukomo wa kushtaki serikali inatoa miezi kumi na miwili tu kwa madai ya aina hii. La kwanza, lihesabu tangu siku uliyokamatwa ili uwe salama, hata kama kesi ya jinai bado inaendelea. La pili huanza kuhesabiwa kesi inapoisha kwa upande wako. La kwanza langu lilikuwa limekufa miezi miwili kabla.

Lililobaki likawa la pili, ambalo ni gumu zaidi. Kuachiliwa peke yake hakutoshi. Mahakama ya Rufaa ililisema hilo 1988 katika kesi ya Nzoia Sugar. Uonyeshe kwamba unayemdai ndiye aliyeanzisha mashtaka, yaliisha kwa faida yako, hayakuwa na sababu ya maana, na kulikuwa na nia mbaya. Daftari langu ambalo hakuna aliyetaka kulisoma lilifanya kazi kubwa hapo. Angalia pia kesi yako iliisha kwa kifungu gani. Katika sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, 210 na 215 ni kuachiliwa huru. 87(a) ni kuondoa mashtaka tu, unaweza kukamatwa tena, na serikali itasema hujashinda kitu.

Njia nyingine ni ombi la kikatiba Mahakama Kuu, chini ya vifungu vya 22 na 23, kwa kukiukwa haki zako. Halina ule ukomo wa miezi kumi na miwili, ila jaji atakuuliza ulikuwa wapi siku zote hizo, na Katiba inakataza kutoza ada ya kulifungua. Ndiko zile siku zangu za seli zilikopata pa kusemewa.

Anayeshtakiwa kwa makosa ya polisi ni Mwanasheria Mkuu. Yule kijana mwenye simu sikumgusa: aliibiwa kweli, na mtu aliyeripoti kwa moyo safi hana hatia.

Omba nakala iliyoidhinishwa ya mwenendo wa kesi na uamuzi mapema, masijala haina haraka. Tunza risiti za wakili. Hasara yenye hesabu hulipwa kwa risiti, si kwa maelezo. Kama huna pesa, Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi Mombasa. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, hupokea malalamiko dhidi ya polisi bure, lakini fidia haitoki kwao.

Ukishinda, usifikirie dalali atakwenda kuchukua gari la serikali. Mali yake haikamatwi. Unachukua cheti cha amri kortini, unakipeleka kwa Mwanasheria Mkuu, unangoja. Wakikaa kimya, unarudi Mahakama Kuu kuomba afisa anayesimamia hesabu za wizara aamriwe kulipa. Langu limefika hapo. Tarehe ijayo ni ya kutajwa tu, si ya kusikilizwa.