Meno ya Bandia Yasiyokaa Sawasawa: Namna ya Kutambua Madhara na Hatua za Kuchukua

Wapo wazee wengi wanaoamini kwamba maumivu ya kinywa ni sehemu ya kuvaa meno ya bandia, na kwa imani hiyo huvumilia kwa miezi au miaka tatizo ambalo lingeweza kurekebishwa mapema. Ni kweli kwamba meno mapya huhitaji siku kadhaa za kuyazoea, fizi zikiuma kidogo na mate yakijaa mdomoni. Maumivu yanayoendelea baada ya hapo, au yanayoanza upya kwa meno yaliyokuwa yakikaa vizuri, yanaonyesha kwamba meno na taya havilingani tena.

Sababu kubwa ni mfupa. Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa umeshikilia mizizi yake huanza kupungua, kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza na kisha polepole kwa maisha yote, na taya la chini hupungua kuliko la juu. Kwa kuwa plastiki haibadiliki, hata meno yaliyotengenezwa kwa ustadi huja kulegea.

Anza kwa kujikagua mara moja kwa wiki. Nawa mikono, vua meno, kisha simama na kioo penye mwanga wa mchana. Tazama kaakaa kwanza: wekundu unaofuata umbo la bamba, yaani sehemu ya plastiki inayoshikilia meno, mara nyingi hutokana na fangasi, nao unaweza kukaa muda mrefu bila kuuma. Angalia pembe za midomo kama zimechanika, kisha pitisha kidole taratibu juu ya fizi na chini ya ulimi ukitafuta kidonda au mkunjo wa nyama ulioota pale ukingo wa meno unaposugua. Ukikuta kidonda, pumzisha sehemu hiyo kwa kutovaa meno. Kidonda kisichopona ndani ya wiki 2 lazima kionwe na daktari ili saratani ya kinywa ichunguzwe, na anayevuta au kutafuna tumbaku asisubiri hata hizo wiki 2 zitimie.

Kioo, hata hivyo, hakionyeshi kila kitu. Tazama pia sahani. Kipande kidogo cha korosho kikiingia chini ya meno yaliyolegea, kila anapouma mtu hukikandamiza kwenye fizi, na baada ya kuumia mara chache huacha korosho, kisha pweza, kisha mboga zenye nyuzi, hadi anabaki na uji na mchuzi. Watu wa nyumbani husema mzee amepoteza hamu ya kula, kumbe anaogopa maumivu. Kwa maoni yangu hili ndilo dhara linalopaswa kututia wasiwasi zaidi, kwa kuwa mwili hudhoofika bila mtu yeyote kulalamika. Wakati akisubiri matibabu, mpikieni samaki aliyetolewa miiba, maharage yaliyopondwa, au mboga ya kisamvu iliyotwangwa laini na kuungwa kwa karanga, na vyakula vigumu vikatwe vipande vidogo, maana anayemeza bila kutafuna anaweza kupaliwa.

Usichonge meno kwa kisu wala tupa, na usiyaunganishe kwa gundi ya kawaida ya dukani, kwa sababu ina kemikali zisizofaa kinywani na huharibu umbo ambalo daktari angelitumia kurekebisha. Hata gundi maalumu ya meno ya bandia ni msaada wa muda tu. Baadhi yake ina madini ya zinki, na kuitumia kwa wingi kwa muda mrefu kumewahi kuwasababishia watu upungufu wa madini ya shaba na madhara ya mishipa ya fahamu.

Usiku vua meno, yasugue kwa brashi laini na sabuni ya kawaida, yasuuze, kisha yaloweke katika maji safi ya baridi. Maji ya moto huyapinda. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015, uliohusu wazee wa miaka 85 na zaidi, ulionyesha kwamba waliolala na meno ya bandia walipata nimonia takribani mara mbili ya wenzao.

Kwa walio kusini mwa Tanzania, kabla ya kulipa nauli kutoka wilaya kama Liwale (Lindi) au Nanyumbu (Mtwara), ulizia katika hospitali ya wilaya yako kama kitengo cha kinywa na meno hurekebisha meno ya bandia, na kama hakirekebishi, omba rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, yaani Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Hata kama umekuwa ukiyavua kwa sababu ya maumivu, jitahidi kuyavaa tena siku moja kabla ya miadi, ili alama ya mahali yanapobana ionekane wazi kwenye fizi. Ukishindwa, yabebe ndani ya chombo chenye maji. Mweleze daktari ni chakula gani kinakuumiza na meno yana miaka mingapi. Anaweza kupunguza ukingo, kuongeza tabaka jipya ndani ya bamba, au kushauri utengenezewe mengine. Baada ya marekebisho, omba tarehe ya kurudi, kwa kuwa mara nyingi sehemu ya pili inayobana hujitokeza baada ya ile ya kwanza kuondolewa.